Waranti imekwisha, Noah inachemka tena: nani alipe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi nina duka la vitenge na mashuka hapa Arua. Tarehe 11 Januari mwaka huu nilinunua Noah kwenye bondi moja (uwanja wa kuuzia magari yaliyotoka nje) Kampala kwa shilingi milioni 41. Aliyenipeleka ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ni ubroka wa magari. Najua alikula kamisheni, sina neno, kila mtu na riziki yake. Nikapewa karatasi ya mauzo yenye mhuri, na chini yake imeandikwa kwamba injini na gia boksi zina waranti ya miezi 3 tangu siku ya kununua.

Tarehe 20 Februari nikiwa nashuka Kampala kufuata mzigo, gari ikachemka karibu na Luweero. Ilivutwa mpaka bondi kwa pesa yangu, 350,000. Fundi wao akakaa nayo siku mbili, akanirudishia akasema kofia ya rejeta ilikuwa imechoka, wameweka nyingine na kulanti mpya (maji ya kupozea injini), "gari nzima kabisa, mzee". Hawakunidai kitu, nami sikudai karatasi. Muuzaji alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp kuniambia gari iko tayari niende kuichukua.

Baada ya hapo ilitembea vizuri. Hapa mjini sikuona shida, ila kila wiki nilikuwa naongeza maji kama nusu lita. Mwezi Machi nilimwandikia muuzaji kwamba maji yanapungua, akajibu ni joto la Arua, niongeze tu. Nikaongeza.

Tarehe 3 Mei nilikuwa natoka Pakwach na mama yangu, shemeji zangu wawili wa kike na watoto, tumetoka msibani. Tulipoanza kupanda kuelekea Nebbi, alama ya joto ikawaka nyekundu na moshi ukatoka kwenye boneti. Nilisimama, nikangoja, nikatia maji ya jerikeni, nikaendelea. Ikachemka tena, nikatia tena. Mara tatu hivyo mpaka tukaingia Nebbi, maana jua lilikuwa linazama na mama ni mgonjwa wa miguu. Kutoka Nebbi ilivutwa mpaka hapa.

Fundi wangu wa Arua anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa. Alipofungua pale juu akashangaa: themostati haipo kabisa, nyumba yake ni tupu. Anataka milioni 3.2 kwa kazi yote pamoja na spea. Nilipompigia muuzaji alisema neno moja: "Waranti iliisha tarehe 11 Aprili, soma karatasi yako." Shemeji anasema nisivuruge, tugawane nusu kwa nusu mimi na yeye shemeji, mambo yaishe. Mke wangu amewakasirikia wote wawili na mimi pia.

Nani alipe, Shangazi? Na je, nimruhusu fundi afungue injini leo? Kila siku gari ikilala napoteza kazi, maana nilikuwa naikodisha Jumamosi na Jumapili kwa harusi.

Baba Zubeda,
Arua

*

Marahaba, Baba Zubeda. Poleni na msiba, na mpe mama pole ya miguu.

Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Usimruhusu fundi afungue hedi leo. Wala kesho. Najua harusi za Jumamosi zinakupita, lakini hedi ikishatoka, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu, na hutakuwa na cha kumjibu. Mwache kwanza muuzaji aone hedi ikiwa imefungwa, au akatae kuja kuiona kwa maandishi. Yote mawili yanakufaa.

Sasa tuingie kwenye gari. Kabla sijashika kalamu niliuza spea Ndeeba kwa miaka 11, na neno "themostati haipo" ndilo lililonifanya niache chai ipoe. Themostati ni kidude kidogo kama kifuniko cha soda chenye springi. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwa magari mengi ni karibu nyuzi 82, halafu hufunguka. Gari haitoki kiwandani bila hicho kidude. Mafundi wengi wa kwetu hukitoa na kukitupa. Ukiwauliza watakuambia nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Si kweli, lakini hiyo nawasamehe, ni ujinga tu. Kuna wanaokitoa kwa sababu nyingine: injini yenye gasketi inayovuja ukiiondolea themostati, maji huzunguka muda wote bila kizuizi, na gari hukaa baridi mjini. Utaendesha Arua mwezi mzima, soko, msikiti, nyumbani, usione kitu. Siku utakayopanda mlima umejaza watu, na joto la Pakwach ukalijua mwenyewe pale chini kwenye Mto Nile, ndipo ukweli unatoka kwenye boneti.

Kwa hiyo tazama walichokufanyia Februari. Wakaweka kofia mpya ya rejeta, wakaweka kulanti mpya, na inavyoonekana mtu fulani akatoa themostati. Sisemi ni wao walioitoa. Huenda ilitolewa zamani kabla gari haijafika kwenye bondi. Lakini fundi aliyekaa na gari siku mbili, akamwaga maji yote na kujaza upya, kwa tatizo la kuchemka, asiangalie themostati? Ama hakuangalia, au aliangalia akanyamaza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na ile nusu lita kila wiki ndiyo iliyokuwa ikikuita kwa jina. Maji ya rejeta hayanywewi na jua la Arua. Mfumo ule umefungwa. Gari nzima unaweza kukaa miezi usiongeze tone. Maji yakipungua na chini hakuna tone lililodondoka, mara nyingi yanaingia ndani ya silinda na kutoka kwenye ekzosi kama mvuke. Ulimwambia muuzaji hivyo mwezi Machi, waranti ikiwa bado hai, naye akakujibu kwa maandishi uongeze tu. Baba Zubeda, ule ujumbe uliouandika kama jambo la kupita ndio wenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye barua yako. Usiufute. Usibadilishe simu. Ukibadilisha, usiwape watoto ile ya zamani wachezee. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi, na ule ujumbe wa sauti wa Februari pia ni ushahidi kwamba gari ilirudi kwao na wao wakaishika.

Muuzaji anakuambia soma karatasi. Mimi nimeisoma kwa ulivyoiandika, na yeye ndiye hajaisoma. Karatasi inasema injini ina waranti ya miezi 3. Haisemi kwamba ugonjwa ulioripotiwa siku ya 40 unakufa siku ya 90. Tarehe ya mwisho ni ya kuripoti ubovu mpya. Ubovu uliokwisha kuripotiwa ndani ya muda, yeye mwenyewe akaupokea, akautia mkono, akakuambia umekwisha, unabaki wake mpaka uishe kweli. Ungekuwa umepasua gia boksi tarehe 3 Mei, kitu ambacho hakikuwahi kulalamikiwa, ningekuambia lipa, ndiyo maana ya waranti kwisha. Na kama usingewahi kumwambia chochote mpaka Mei, hata gasketi hii ningekuonea huruma tu, maana ungebaki na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba ilikuwa mbovu toka mwanzo.

Halafu waranti ile ni zawadi juu ya sheria, si badala yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayeuza kitu kama biashara yake akupe kitu chenye ubora unaofaa kwa kazi uliyomwambia unakinunulia. Gari iliyotumika haitegemewi iwe mpya, hilo hakimu yeyote atalisema, na uchakavu wa kawaida utaubeba mwenyewe. Pia kama uliikagua gari na ubovu ulikuwa unaonekana wazi, huwezi kulia baadaye. Lakini nani anakagua gari kwa kufungua nyumba ya themostati? Na dai la mkataba hapa kwetu lina miaka 6 kabla halijazeeka. Siku 22 tangu waranti iishe si kitu.

Sasa nikuambie na lile usilotaka kulisikia. Mara tatu ulitia maji ya jerikeni ukaendelea. Mara ya kwanza nakuelewa. Ya pili pia, jua linazama na mama hawezi kutembea. Lakini injini iliyochemka ukiimwagia maji baridi na kuiendesha tena, hedi ya aluminiamu hujipinda. Gasketi ilikufa mikononi mwa muuzaji. Hedi kupinda, kama imepinda, mkono wako umo. Wakili wake, au hata yeye mwenyewe akiwa na akili, atakuuliza swali hilo la kwanza: kwa nini hukuita gari la kuvuta pale pale? Sheria inamtaka aliyeumizwa ajitahidi asiongeze hasara. Wewe uliiongeza kidogo, kwa sababu njema, lakini uliiongeza.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu. Gasketi, themostati, kulanti, boliti za hedi kama zinahitajika, na ujira wa kufungua na kufunga, ni vya muuzaji. Kusawazisha hedi kwenye mashine, kama fundi akiipima na kukuta imepinda, beba wewe. Ile 350,000 ya kuvutwa kutoka Luweero mpaka Kampala mdai, ilikuwa ndani ya waranti na ubovu ulikuwa wa gari. Kuvutwa kutoka Nebbi pia mdai, lakini tafuta risiti. Kama ulimlipa kijana mwenye lori mkononi, mwombe aandike hata kwenye karatasi ya daftari na namba yake ya kitambulisho. Harusi za Jumamosi ziache. Bila daftari la mapato hutaweza kuzithibitisha, na zitafanya madai yako yaonekane ya tamaa.

Kuna mtu hapo Arua atakayekuambia umrudishie muuzaji gari yake naye akupe milioni 41 zako. Usimsikilize. Umeitumia gari miezi karibu minne, umebebea mzigo, umeikodisha. Kisheria umeikubali. Unachodai ni gharama ya kuitengeneza, na kiasi hicho kina bahati yake: kiko chini ya shilingi milioni 10. Madai ya bidhaa, deni na kodi ya nyumba yasiyozidi milioni 10 yana utaratibu wake, wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Huhitaji wakili. Unakwenda mwenyewe na karatasi zako, unaongea na hakimu kwa maneno yako. Kabla ya kufungua lazima umpe mwenzako barua ya madai na siku 14 za kujibu. Ubaya wake kwako ni safari: utafungua kule aliko yeye au mlikofanyia mauziano, yaani Kampala, na basi la Arua unalijua kuliko mimi.

Na kabla hujaandika jina kwenye hiyo barua, tazama mhuri. Bondi moja inaweza kuwa na wauzaji watano, sita, kila mmoja na magari yake kwenye uwanja mmoja, na mwenye uwanja hana habari na Noah yako. Mdaiwa ni yule aliye kwenye karatasi ya mauzo. Nimeona watu wakishinda kesi dhidi ya mtu asiyehusika, wakarudi nyumbani na karatasi nzuri ya kutundika ukutani.

Mwandikie hivi, usiongeze matusi:

"Ndugu, tarehe 20 Februari nilirudisha kwako Noah niliyonunua tarehe 11 Januari ikiwa inachemka. Fundi wako aliishughulikia na ukaniambia imepona. Mwezi Machi nilikuarifu maji yanapungua, ukaniambia niongeze. Tarehe 3 Mei imechemka tena kwa ubovu ule ule, na fundi amekuta themostati haipo. Gari iko Arua, hedi haijafunguliwa. Nakupa siku 14 uje au umtume fundi aione. Usipofika nitaitengeneza na nitakudai gharama."

Weka kiasi, weka makadirio ya fundi wako yaliyosainiwa, tuma WhatsApp na nakala ya karatasi kwa mkono wa mtu atakayesaini kwamba imepokelewa. Wauzaji wengi wa Kampala hupiga simu wenyewe wakiona neno "siku 14", kwa sababu wanajua linakotoka. Akikupigia, msikilize. Akisema atalipa milioni 2 leo, mimi ningezichukua na kuendelea na maisha. Nauli za Kampala na siku za kufunga duka zitakula tofauti iliyobaki. Akisema atume fundi yule yule wa Februari, kataa kwa heshima, aje kuona tu, asiguse.

Siku zile 14 zikipita bila jibu, fundi wako aanze. Lakini awe na simu mkononi. Apige picha nyumba ya themostati ikiwa tupu, gasketi pale ilipoungua, hedi ikiwa juu ya meza na rula ya chuma juu yake. Gasketi ya zamani isitupwe, ifunge kwenye gazeti uiweke dukani kwako nyuma ya vitenge. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu wataiomba, mwambie hapana.

Nibaki na shemeji. Anataka mgawane nusu kwa nusu, na moyo wake ni mzuri, lakini hizo pesa hazimhusu. Hakuuza gari, alikupeleka tu. Akilipa yeye, muuzaji atakaa kimya na kamisheni itakayofuata itakuja na kilio kingine kama hiki. Halafu mke wako atasikia kwamba kaka yake amelipia injini ya mume wake, na hasira yake, ambayo sasa imegawanyika kwa watu watatu, itapata mtu mmoja. Yeye ana kitu kingine cha kukusaidia. Anawajua pale bondi, anamjua yule fundi. Mwombe aende anywe soda naye, amuulize taratibu themostati ilikwenda wapi, na kama fundi atasema, shemeji aandike alichosikia na tarehe. Na kama alikuwepo gari iliporudi Februari, na yuko tayari kusimama mbele ya hakimu kusema hivyo, hiyo ni zaidi ya milioni 1.6 anayotaka kukupa.

Mama na shemeji zako wa kike safari ijayo wapande basi. Na Noah isiwashwe, hata kwa kuisogeza kivulini, mpaka fundi aimalize.

Shangazi